Uzamili wa Tiba ya Usemi na Lugha: Kusoma Chuoni au Mtandaoni?
Nchini Marekani, sharti la msingi halibadiliki kwa njia yoyote kati ya hizi mbili: programu iwe na ithibati ya CAA, baraza linalokagua ubora wa programu za fani hii, na anayelenga cheti cha ASHA, chama cha kitaifa cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, akamilishe saa 400 za mafunzo ya vitendo, yaani 25 za kutazama na 375 za kuhudumia watu moja kwa moja.

Katika saa hizo ndimo ninamoona tofauti kubwa. Vyuo vingi vina kliniki zao, ambamo msimamizi humtazama mwanafunzi akimhudumia aliyepoteza usemi kwa kiharusi na kumsahihisha papo hapo, ilhali anayesoma mtandaoni pengine atalazimika kusaidia kutafuta hospitali au shule ya kumpokea, na kituo kikikosekana, kuhitimu huchelewa. Kwa gharama, mtandao humwepusha na kuhama, ingawa ada yenyewe si lazima iwe nafuu.

Mwenye familia asiyeweza kuhama atafaidika na mtandao, mradi aulize mapema ni nani hupanga vituo na kama programu inatimiza masharti ya leseni ya jimbo lake. Aliyetoka fani nyingine, anayehitaji kusimamiwa kwa karibu, ningemwelekeza chuoni.