Uzoefu wangu: darasa la kutengeneza tofu, Upanga

Nimelipa Sh 50,000 kwa darasa la Jumamosi moja, Upanga, Dar es Salaam, la kutengeneza tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukandamizwa) kuanzia soya kavu mpaka sahani mezani. Niseme mapema kwamba hela yangu ilirudi kwenye hatua moja tu, ya kugandisha. Hayo mengine mengi unayapata bure YouTube.

Mimi sili nyama, na anayeishi hivyo hapa mjini anajua shughuli yake. Harusini unapakuliwa wali na kabichi, halafu mama mmoja anakuonea huruma: "Basi chukua hata kuku, mwanangu." Maharage na mchicha navipenda, ila si kila siku ya Mungu. Tofu ya supamaketi nayo bei inauma, na leo ipo, kesho haipo.

Tulianza kwa kuchelewa. Halafu muda mrefu ukaliwa na historia ya tofu huko China, nzuri kusikiliza, lakini watu zaidi ya kumi tulikuwa tunaitazama blenda moja. Waandaaji waongeze vifaa au wapunguze watu.

Soya zilikuwa zimelowekwa tangu usiku. Mwalimu alitugawia punje moja moja tuzipasue kwa kucha. Ukiona katikati bado pana kishimo, zirudishe kwenye maji. Nusu zote mbili zikiwa bapa na rangi moja, ziko tayari kusagwa. Jambo dogo, lakini kwenye video zote nilizotazama sikuwahi kuliona. Tukasaga na maji, tukakamua maziwa ya soya kwa kitambaa cha pamba, machicha tukayaweka pembeni.

Kwenye kuchemsha, usibanduke jikoni. Povu la soya linapanda ghafla. La jirani yangu lilifurika mpaka likazima moto. Waliotaka kuharakisha walikatazwa, maana soya mbichi ina vitu vinavyouzuia mwili kumeng'enya protini. Maziwa yakishachemka, yanaachwa kwenye moto mdogo kama dakika 10, huku unakoroga, mpaka ile harufu ya ubichi iishe.

Sasa kugandisha. Sisi tuliolelewa kwenye mapishi ya nazi tunafundishwa kukoroga tui lisikatike. Hapa unataka likatike, tena kwa adabu. Maziwa yanaepuliwa, yanapoa kidogo hadi nyuzi 75 au 80 hivi, ndipo unamimina kigandishi kidogo kidogo, ukizungusha mwiko taratibu, halafu unaacha. Kuacha ndiko kulikotushinda.

"Mwalimu, mbona yangu maji matupu?"

"Weka mwiko chini, kaka. Funika."

Kaka akafunika, akafunua, akafunika tena. Mwishowe mwalimu akamnyang'anya mfuniko. Alipoufunua mwenyewe baadaye, mabonge meupe yalikuwa yamejitenga na maji yamekuwa ya njano, unaona ndani. Hiyo ndiyo alama. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza kigandishi kidogo na usubiri tena. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na mtu anayekusimamia.

Tulijaribu vigandishi viwili. Sufuria ya limau ilitoa tofu laini yenye uchachu kwa mbali. Ya nigari, ambayo Wajapani huipata kwenye maji ya bahari yaliyobaki baada ya chumvi kutolewa, ilitoa tofu iliyoshikana na tamu zaidi. Nigari si kitu cha kukikuta duka la jirani, kwa hiyo mwalimu alitaja pia chumvi ya Epsom, mradi pakiti iwe imeandikwa kwamba inafaa kuliwa. Mimi nitabaki na limau.

Kukandamiza hakuna utaalamu: makopo ya siagi yaliyotobolewa, kitambaa ndani, chupa ya maji juu yake. Nusu kilo ya soya ilitupa karibu kilo nzima ya tofu.

Mapishi yenyewe yaliniangusha. Mchuzi wa nazi uliwekwa tofu isiyokaushwa wala kutiwa chumvi, ukawa na ladha ya maji. Tofu haina ladha yake. Inataka ikaushwe vizuri, ikolezwe kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, ikaangwe mpaka ishike rangi, ndipo iingie mchuzini. Watu wa Pwani tusifundishwe mchuzi mwepesi! Kilichookoa jahazi ni katlesi za machicha ya soya na viazi. Zilikwisha kabla sijapata ya pili, na maelekezo yake tuliyoahidiwa kwenye WhatsApp bado nayasubiri.

Kwa anayependa kushika kitu kwa mkono ndipo akielewe, darasa nalipendekeza. Kwa anayetafuta mapishi mapya, hapana. Ukienda, kula kwanza, maana chakula kinachelewa sana, na beba chombo chenye mfuniko. Tofu unayopewa ihifadhi kwenye friji ndani ya maji safi, uyabadilishe kila siku, na uile ndani ya siku tatu au nne.