Wiki Kumi na Mbili Katika Darasa la Wagonjwa wa Kisukari na Figo, Buruburu

Kwa wiki kumi na mbili nimemsindikiza mama yangu kila Jumamosi asubuhi kutoka Umoja hadi kliniki moja ya kibinafsi iliyoko Buruburu, Nairobi, ambako wagonjwa wa kisukari ambao figo zao zimeanza kuathirika hufundishwa juu ya maradhi yao na kufanya mazoezi chini ya uangalizi wa muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia. Ada ni shilingi 6,000 kwa awamu nzima, bila gharama za maabara. Sitaitaja kliniki hiyo kwa jina kwa sababu nina malalamiko juu yake, na pia kwa sababu ningependa msomaji ayatumie maelezo haya kupimia huduma yoyote ya aina hii iliyo karibu naye.

Mama ana umri wa miaka 63 na ameishi na kisukari kwa miaka 14. Mwaka jana kiwango cha uchujaji wa figo zake kilipatikana kuwa mililita 41 kwa dakika, na kipimo kiliporudiwa baada ya miezi mitatu kikawa kilekile, ndipo daktari alipothibitisha kuwa ana maradhi sugu ya figo ya hatua ya tatu. Tulirudi nyumbani na dawa pamoja na agizo la maneno manne: fanya mazoezi, punguza chumvi. Mazoezi gani, kwa muda gani, na kwa mtu ambaye magoti yanamuuma na anayejidunga insulini mara mbili kwa siku, hatukuelezwa. Darasa hili lilitueleza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kulisifu.

Somo la kwanza halikuwa na zoezi lolote. Muuguzi, ambaye wanafunzi wote humwita sista, alileta chujio mbili za chai, moja nzima na nyingine iliyotoboka, akamimina chai ya majani katika kila moja mbele yetu. Majani yaliyopita kwenye tundu akayafananisha na albumini, ile protini inayopaswa kubaki kwenye damu lakini huvuja kwenye mkojo pale sukari na presha zinapoharibu vichujio vya figo. Kisha akamtaka kila mmoja afungue karatasi yake ya maabara na kuitafuta namba hiyo. Kiwango cha kawaida ni chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo; cha mama kilikuwa 210. Alikuwa ameibeba karatasi hiyo kwenye mkoba kwa miezi kadhaa bila kujua kwamba ilikuwa na habari yoyote inayomhusu.

Jambo lililonishawishi zaidi ni jinsi mafunzo na mazoezi yalivyofungamanishwa. Kabla ya wiki ya kwanza ya kutembea, sista alitangulia kueleza kwamba magoti yatauma, kwamba wengi wataukimbilia mlango wa duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni, na kwamba dawa za kundi hilo hupunguza damu inayofika kwenye vichujio vya figo, hasa kwa mgonjwa ambaye tayari anatumia dawa za presha kama enalapril au losartan, au zile za kuongeza mkojo. Mama alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila wiki kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza anatumia nini kutuliza magoti, na yeye hakuwahi kudhani kwamba dawa ya goti ina uhusiano wowote na figo. Siku hiyo aliacha, na sasa maumivu yakimzidi hutumia parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida. Huanza kwa kuchangamsha mwili, kisha kuinuka kitini na kuketi bila kushika popote, kuvuta mikanda ya mpira kwa mikono na miguu, na mwisho kutembea kuzunguka uwanja kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, hivyo kila mtu hupewa kazi ya nyumbani. Mama hutembea dakika 25 hadi soko la Mutindwa na kurudi, siku tano kwa wiki. Wenye matatizo ya macho yaliyoletwa na kisukari hawanyanyui vitu vizito wala kuzuia pumzi, na hakuna anayeanza kabla miguu yake haijakaguliwa nyayo na vidole, kwa kuwa mtu aliyekufa ganzi anaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu hadi kimtoe kidonda.

Sukari hupimwa kabla ya kuanza. Anayetumia insulini akiwa chini ya milimoli 5 kwa lita hula kwanza, na aliye juu ya 14 hupimwa ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza unapokosa insulini, kabla ya kuruhusiwa. Hata hivyo, kipimo hakikuzuia yaliyotukuta wiki ya nne. Mama alianza akiwa na 6.2, lakini baada ya kutembea kwa muda mfupi alinyamaza ghafla, akatokwa na jasho na mikono ikaanza kutetemeka. Sista alimkalisha na kumpima papo hapo: 3.4. Alimkorogea vijiko vinne vya glukosi kwenye maji, akatazama saa, na baada ya dakika 15 akampima tena. Ilikuwa imefika 5.1, ndipo akampa kipande cha nduma.

"Mama, ulikula nini asubuhi?" alimuuliza.

"Nilikunywa chai tu, mwanangu, nilikuwa nachelewa gari."

Alikuwa amejidunga dozi nzima. Sista hakumkemea. Aliwaita wengine wakae, akawaeleza kwamba figo iliyodhoofika huchelewa kuiondoa insulini mwilini, kwa hiyo dozi ya miaka iliyopita inaweza kuwa kubwa mno leo, na kwamba misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi baada ya mazoezi. Akaeleza pia kwa nini alitumia glukosi badala ya maji ya machungwa: darasani wapo ambao potasiamu yao, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa, iko juu, na juisi ingewaongezea. Jumatatu yake alimwandikia daktari wa mama barua, na dozi ya jioni ikapunguzwa. Ningelipa ada yote kwa ajili ya siku hiyo moja.

Sasa niseme yasiyoniridhisha. Wiki ya sita kliniki ilichukua mkojo wa wagonjwa mara tu baada ya mazoezi ili kupima maendeleo yao. Albumini ya mama ikaonekana kuwa 380, na hakulala usiku huo akiamini kwamba mazoezi ndiyo yanayommaliza figo. Kumbe mazoezi yenyewe huongeza albumini kwenye mkojo kwa muda, na kipimo hiki hufaa zaidi kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kiliporudiwa kwa njia hiyo kilikuwa 190. Kliniki inayofundisha vizuri namna hii haikupaswa kukosea hapo, na gharama ya kurudia ilituangukia sisi.

Lishe ni sehemu dhaifu zaidi. Hakuna mtaalamu wa lishe, bali karatasi moja wanayogawiwa wote, inayokataza ndizi, viazi, maharagwe na nyanya kwa kila mgonjwa. Potasiamu ya mama ni 4.6, ambayo ni ya kawaida, na hakukuwa na sababu ya kumnyima githeri. Karatasi hiyo inataka protini isizidi gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, mambo ambayo ni sahihi, lakini haisemi hayo yanakuwaje kwenye sahani yenye ugali, sukuma wiki na omena, wala haitaji vile vidonge vya kiungo cha mchuzi ambavyo vimejaa chumvi. Ukumbi nao uko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Nimemwona mzee mmoja akipumzika mara tatu kwenye ngazi kabla ya kufika darasani.

Mwishoni mwa awamu mama aliinuka kitini mara 11 kwa nusu dakika, ilhali alianza na 7, na kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kutoka asilimia 9.1 hadi 8.0. Uchujaji wa figo ulikuwa 42. Mama alitaka kushangilia, lakini sista alimwambia kwa upole kwamba tofauti ya namba moja ni ya mashine, kwamba sehemu ya figo iliyokwisha kuwa kovu haifufuki kwa mazoezi, na kwamba kazi yao ni kuilinda iliyobaki. Katika jiji ambalo nguzo za stima zimebandikwa matangazo ya dawa za kusafisha figo kwa siku saba, niliuheshimu sana ukweli huo.

Mama amejiandikisha kwa awamu ya pili. Atakayekwenda abebe karatasi zake zote za maabara, dawa zake zote pamoja na zile za kununua bila cheti, viatu vilivyofunika vidole, na awe amekula kabla ya kupanda gari.