Chrony katika zahanati yetu: miezi minane sasa

Nahudumia kompyuta 11 za zahanati moja mkoani Morogoro. Kilichonipeleka kwenye chrony ni karatasi ya majibu ya malaria: sampuli imepokelewa saa 4:10 asubuhi, majibu yametoka saa 3:52. Mama wa mtoto akaniuliza, "Kaka, haya kweli ni ya mwanangu?" Yalikuwa yake, kompyuta ya maabara ndiyo iliyokuwa nyuma kwa dakika 40. Lakini mama yule alikuwa na haki ya kuuliza.

Chrony ni programu ya bure ya Linux ya kusawazisha saa za kompyuta kupitia mtandao. Niliiweka kwenye seva yetu ndogo ichukue saa kutoka pool.ntp.org (kundi la seva za saa mtandaoni), kompyuta nyingine zichukue kwake. Siku ya kwanza ilikwama. Amri ya chronyc sources ilionyesha ^? (chanzo hakifai bado) kila mstari, na Reach 0. Hiyo Reach ndiyo ya kutazama kwanza: ikikaa 0, hakuna jibu lililorudi, ikifika 377, maombi manane ya mwisho yote yamejibiwa. Rauta ilikuwa imezuia poti 123 ya UDP. Nilipoifungua, ^* ikatokea: chanzo kimechaguliwa.

Kompyuta za ndani bado zikagoma. Chrony haimpi mtu saa mpaka uandike allow kwenye faili lake la mipangilio, chrony.conf, kwetu allow 192.168.1.0/24. Mstari mmoja tu, nao ulinila jioni nzima.

Ninachokipenda zaidi: saa ikikosea kidogo, haiirushi. Inaiongeza au kuipunguza mwendo taratibu, hivyo kumbukumbu za wagonjwa hazirudi nyuma. Na intaneti ikikatika, kwetu si ajabu, mstari wa local stratum 10 kwenye faili hilohilo unaifanya seva iendelee kuzigawia nyingine saa ileile.

Kasoro zipo. Haina toleo la Windows, kwa hiyo mashine zetu mbili za Windows nimezielekeza kwenye seva kwa w32tm, amri ya Windows yenyewe. Saa ikipotoka sana mashine ikiwa tayari inafanya kazi, inachelewa mno kuirekebisha. Andika chronyc makestep. Wala haiponyi betri ya saa ya ndani ya kompyuta iliyokufa: kompyuta ya mapokezi ilikuwa ikiamkia mwaka 2015 kila umeme ukikatika, na kivinjari kinakataa tovuti za https. Nikanunua CR2032, yakaisha.

Jana nimelinganisha maabara na mapokezi. Tofauti haikufika milisekunde 2.