Hoteli za kati za mjini Mombasa: kasoro zake, na lalamiko linalosikizwa

Hoteli zinazopimwa hapa ni za kulala za kisiwani. Si zile za ufuoni Nyali na Bamburi, wala lojing za bei ya chini zilizo karibu na steji. Ni yale majengo ya ghorofa nne au tano yaliyotapakaa kutoka Mwembe Tayari kupitia Digo Road na Moi Avenue hadi upande wa Nkrumah Road, yenye kibao cha "AC, maji moto, WiFi". Wateja wake ni watu waliokuja kutoa mizigo bandarini, wenye kesi mahakamani, na familia kutoka bara shule zikifungwa. Kwa ufupi, vitanda vyao vinalalika na watu wa mapokezi wana adabu, ila huko hakuna kinachotengenezwa mpaka kife kabisa. Wageni nao hulalamika sana, lakini malalamiko yao mengi hayamfai fundi kitu.

Kiyoyozi ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Mwezi wa pili na wa tatu, kabla ya masika, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hewa hubaki nzito. Chumba cha mita za mraba 12 hadi 15 chatosheka na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza). Lakini chumba cha ghorofa ya juu kabisa, ambacho zege lake limepigwa na jua mchana kutwa, hutaka 12,000. Wenye hoteli wengi hununua saizi moja kwa jengo zima, basi kile cha juu huunguruma usiku kucha na nyuzi 24 kisizifikie. Hapo hakuna cha kutengeneza. Dawa ni kuhamishwa ghorofa.

Kasoro nyingine zatengenezeka, na mgeni aweza kuzitambua mwenyewe. Kwanza atazame rimoti: ikiwa haionyeshi alama ya theluji, huenda aliyelala jana aliiacha kwenye feni. Maji yakidondoka ukutani chini ya kiyoyozi, bomba la kutolea maji limezibwa na ute na vumbi. Kulizibua ni kazi ya dakika ishirini, na hoteli inayomwekea mgeni ndoo badala ya kumwita fundi haina udhuru. Ukiona barafu kwenye mabomba ya ndani, ama chujio limejaa vumbi ama gesi imepungua. Kukishusha hadi nyuzi 16 kwa hasira hakuongezi baridi, kunaongeza barafu tu. Kiwekwe kwenye feni peke yake kwa saa moja iyeyuke, kisha kirudishwe kwenye 24. Chujio hilo lingeoshwa kila wiki mbili kwa maji ya bomba, isingefika huko.

Kasoro mbaya zaidi ni ya nje. Chombo cha nje cha kiyoyozi, kilichofungwa ukutani upande wa bahari, huliwa na chumvi. Vile vipezi vyembamba vya alumini hugeuka unga, joto likakosa pa kutokea, na kompresa, ile pampu ya gesi, ikawa inajikata. Dalili yake ni baridi ya dakika kumi, kisha hewa vuguvugu, kisha baridi tena. Usikubali kuambiwa "fundi yuaja". Hata akija, usiku huo hatakitibu.

Sasa sikiliza lalamiko lenyewe linavyotolewa. Mgeni hupiga simu saa nne usiku: "Chumba chenu kina joto sana!" Mapokezi humletea feni ya mezani, mambo yakaishia hapo. Angesema, "Chumba 304, kiyoyozi chatoa baridi dakika kumi halafu kinakata, nataka chumba kingine," aliye zamu angekuwa na jambo la kuamua. Tena angelisema mapema. Fundi wa hoteli nyingi huondoka saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo aliyebaki hana hata bisibisi. Kwa hiyo washa kila kitu kabla hujafungua begi: kiyoyozi, bomba, shawa, choo, soketi ya kuchajia simu. Dakika kumi zatosha.

Maji. Mji huu hunywa maji ya mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na visima vya Tiwi huko Kwale. Hayafiki kisiwani kila siku, hivyo hoteli huishi kwa tangi lake, kisima chake au bauza, lori la maji. Hesabu ni nyepesi. Vyumba 30 vyenye watu wawili wawili, kila mtu akitumia lita 150 kwa siku, ni lita 9,000. Hoteli yenye tangi la lita 5,000 juu ya paa haimalizi siku bila pampu kuwashwa tena, na mwenye ufunguo wa chumba cha pampu akichelewa asubuhi, watu hubaki na sabuni mwilini. Swali la kuuliza kabla ya kulipa si "maji yapo?" maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza: "Tangi lenu lachukua lita ngapi, na mfereji ukikata mwatumia nini?" Wakijibu kisima, jua kwamba visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, na maji ya kunywa utanunua.

Chumvi hiyo ndiyo inayoua shawa za umeme. Waya wa kuchemshia wa kawaida hauchukui muda kwenye maji ya chumvi. Kuna waya uliotengenezwa mahsusi kwa maji hayo, lakini bei yake ni kubwa kidogo, na hapo ndipo meneja hubana senti. Tena stima ikishuka kutoka volti 240 hadi 200, shawa hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Basi maji yakiwa baridi, kabla ya kugomba jaribu kupunguza bomba. Maji machache hupata joto zaidi. Lakini ukishika bomba na mkono ukakuchoma kama sindano, zima swichi ya ukutani na utoke bafuni. Hiyo ni kasoro ya waya wa ardhi, na chumba hicho hakifai kukodishwa hata kwa nusu bei. Hapa mgeni ana haki ya kupaza sauti.

Shuka. Hoteli inayojua kazi huwa na seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwa dobi, moja stoo. Yenye mbili haina tatizo mpaka masika ya mwezi wa nne na wa tano, nguo zinapoanikwa juu ya paa na jua halitoki. Shuka hurudishwa kitandani zikiwa na unyevu, na kile ambacho mgeni hukiita uchafu ni uvundo. Mwambie mhudumu shuka ina uvundo, ataelewa. Ukimwambia ni chafu, atakuonyesha ni nyeupe, na mtabishana bure.

Kunguni ni mlango mwingine. Vua shuka pembe ya kichwani, umulike mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kitanda kwa tochi ya simu. Vitone vyeusi kama vya wino ndio ushahidi. Piga picha hapo hapo, begi lisishuke sakafuni, kisha omba chumba cha ghorofa nyingine, si cha jirani, kwa sababu kunguni hupita kwenye nyufa na matundu ya nyaya. Hoteli ikupayo chumba cha pili yake inakuhamisha pamoja na wenyeji wako. Wanaojali hufunga chumba hicho pamoja na vya pande zote, wakapulizia dawa, na wakarudia baada ya wiki mbili, kwa kuwa dawa nyingi haziui mayai. Mpulizio mmoja ni wa kumpumbaza mgeni.

Kelele zagawanyika. Disko ya jirani na jenereta chini ya dirisha ni makosa ya hoteli, maana ilijua na haikukwambia. Adhana ya alfajiri si kosa la mtu. Huu ni mji wa misikiti, na anayeomba arudishiwe pesa kwa hilo anawachekesha watu wa mapokezi tu.

Pesa ndipo ilipo hila. Lipa kwa till au paybill, namba za biashara za M-Pesa, na usome jina la biashara kabla ya kutia namba ya siri. Ukipewa namba ya simu ya mtu, "till ina shida leo," hizo si pesa za hoteli, na kesho zamu ikibadilika utaulizwa ulimlipa nani. Dai risiti ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi. Treni ya usiku kutoka Nairobi huwashusha abiria Miritini kungali giza, na hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya mchana. Wengine hutoza nusu siku, wengine siku nzima. Ulizia hilo ukiwa bado Nairobi, upate jibu kwa ujumbe wa maandishi.

Mambo yakiharibika kweli, lalamiko liandikwe: tarehe, saa, namba ya chumba, kasoro moja moja, picha, na unachotaka. Mpe meneja, si dada anayefagia, ambaye hana uwezo hata wa kukupa taulo la ziada. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia ya hasara, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Leseni za hoteli ziko chini ya mamlaka ya kudhibiti utalii, TRA. Kuitaja TRA katika barua yenye picha humfanya meneja aketi. Kuitaja kwa makelele, saa ya kutoka, huku ukiomba upunguziwe bei baada ya kulala siku tatu kimya, humfanya akutakie safari njema.

Kifungua kinywa kwa kawaida ni soseji baridi na mkate. Toka nje ukale mahamri na mbaazi za nazi.

Ukipiga simu kuagiza, taka ghorofa ya pili au ya tatu, upande usio wa barabara, na dirisha linalofunguka: wakati wa kusi liwe la kusini, wakati wa kaskazi la kaskazini. Halafu uulize kama jenereta yao inawasha viyoyozi, au ni taa za ngazini peke yake.