Killington au Breckenridge? Nimeteleza kwa skii kote kuwili

Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekua nikiiona theluji kwa mbali tu, juu ya Kibo. Kuikanyaga nimekuja kuikanyaga ukubwani, Vermont, baada ya kuhamia Boston. Misimu minne nimeteleza Killington, mlima wa hukohuko Vermont, kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, na Februari iliyopita nikapanda ndege hadi Colorado kuijaribu Breckenridge.

Ukisoma namba za vilele utacheka. Killington ina mita 1,293 tu. Breckenridge, mji wenyewe uko mita 2,926, na lifti ya viti ya mwisho inakufikisha mita 3,914. Yaani kitanda nilicholalia kule kilikuwa juu kuliko Mount Mitchell, mlima mrefu kuliko yote ya mashariki ya Marekani, wenye mita 2,037. Lakini ukishavaa skii, cha kuhesabu ni unashuka kiasi gani. Killington unashuka kama mita 930, Breckenridge kama 1,036 ukitoka lifti ya mwisho ukamalizia kwa miguu hadi kileleni. Nimevuka nusu ya Marekani kwa mita mia na ushee! Breckenridge inaizidi Killington kwa upana: karibu ekari 2,900, mara mbili hivi.

Tofauti yenyewe iko kwenye theluji. Mashariki mvua inaweza kunyesha katikati ya Januari, usiku ikaganda, asubuhi ukakuta kigae kitupu. Mashine zinapuliza theluji usiku kucha, na bado skii zinakwaruza kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Ukianguka, nyonga inakukumbusha wiki nzima. Colorado niliokota theluji nikajaribu kuifinya donge. Ikamwagika vidoleni kama unga wa muhogo. Siku ya kwanza nilianguka mara tatu, zote nikainuka nacheka.

Tena msidanganyike na rangi za alama za njia, kijani kwa rahisi, bluu kwa wastani, nyeusi kwa ngumu. Rangi hizo hupangwa kwa kulinganisha njia za mlima uleule. Bluu ya Killington siku ya barafu ilinitoa jasho kuliko bluu yoyote ya Breckenridge.

Sasa machungu. Siku mbili kichwa kiligonga kwa ajili ya kimo, na mke wangu hakuacha kuniita "mtoto wa Kilimanjaro". Kunywa maji mengi, siku ya kwanza usiteleze. Duka nililokodi viatu lilinipa vinavyobana, wakanihakikishia eti vitaachia. Kidole gumba kimebaki na ukucha mweusi hadi Aprili. Tiketi ya lifti nunua mapema mtandaoni, ya dirishani itakuliza. Na barabara ya I-70 kutoka Denver Jumamosi asubuhi ni foleni ya Ubungo yenye barafu.

Breckenridge naipa nyota nne, ya tano imeondoka na ukucha. Killington tatu na nusu. Kwa anayejifunza ningesema aanzie Killington: aliyezoea kigae kile, kwingine atapaona mteremko. Desemba narudi hukohuko, saa tatu kwa gari, chai yangu kwenye chupa na viatu vyangu mwenyewe.