TAHADHARI: Stabilaiza za nyuma "za Australia" kwa gari zilizoinuliwa, zinachomelewa mtaani

Wakuu, hasa mlioinua Prado, Land Cruiser 80 na 105 kwa ajili ya porini: kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na stabilaiza nene za nyuma (ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona) anazodai zimetoka Australia. Hazijatoka huko. Zinapindwa kwa moto wa gesi, zinapigwa rangi nyekundu, zinabandikwa stika, kisha zinapakiwa kwenye basi kwenda kwa yeyote aliyetuma hela. Hapa gereji Arusha zimeshaletwa kadhaa na watu tofauti, zote rangi moja, stika moja. Moja tuliikata kwa msumeno, mwenyewe akiwa amesimama pale na ametoa ruhusa.

Huyu jamaa si mbumbumbu, na ndiyo maana anawapata watu. Ukimpigia haanzi na bei, anakuuliza umeinua inchi ngapi na unabeba nini juu ya keria. Ni swali ambalo fundi yeyote mzuri angeliuliza. Ukisema inchi mbili, anakwambia stabilaiza ya kiwandani haiwezi tena, lazima uweke ya milimita 25. Bei laki nne na nusu, "kwako laki tatu na themanini ila iwe leo". Nusu utangulize kwa simu, nusu mzigo ukifika. Mzigo ukishafika stendi, karani ameshaambiwa asiutoe mpaka umalize, wala asikuruhusu kufungua boksi. Risiti ya EFD hana. Ukimwambia una ndugu Dar atapita dukani kuangalia, stoo ya Gerezani siku hiyo imefungwa, mzigo umehamia Tegeta, kijana mwenye funguo kasafiri.

Tatizo analolitaja ni la kweli. Gari ukiliinua, uzito wake unapanda juu, kwenye kona linalala zaidi, na ukiongeza hema na madebe ya mafuta juu ya paa, ile kushuka ukingo kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu unaisikia mwilini. Stabilaiza nene inasaidia kweli. Ukakamavu wake unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, maana yake ukitoka milimita 16 ukaenda 19, milimita tatu tu, umekaribia kuuzidisha mara mbili. Kwa hiyo namba ya kipenyo ndiyo anayouzia.

Sasa ile tuliyoikata. Nje venia, kile kipimo cha unene, ilisoma milimita 25 kama alivyosema. Ndani ilikuwa bomba, ukuta milimita tatu, katikati hewa. Bomba si dhambi, wapo watengenezaji wa maana wanaouza za bomba, lakini bomba la ukuta huo linabaki na kama theluthi mbili tu ya ukakamavu wa chuma kizima, na yeye aliuza kwa maneno ya "chuma kizima". Ubaya zaidi ulikuwa kwenye kona. Tulipokwangua rangi pale inapopinda, chuma kilikuwa na rangi ya bluu na magamba ya moto. Masikio ya kufungia linki (vile vifimbo vifupi vinavyoshika ncha za stabilaiza) yalikuwa vipande vya bapa vilivyochomelewa, kovu likasagwa kwa grainda na kufunikwa na rangi. Nyingi za kiwandani ncha yake imefuliwa bapa na kutobolewa kutoka kwenye chuma kilekile, huoni kiungo. Na pembeni ya hilo kovu, upande wa kulia, kulikuwa na ufa mwembamba umeanza kuzunguka. Gari lenyewe halikuwa limefika hata Serengeti.

Wengi wananiambia, "Fundi, mbona nilipoifunga gari lilitulia?" Ndiyo, litatulia. Chuma cha mageti na chuma cha springi vikipindwa kidogo vinajibu karibu sawasawa, kwa hiyo ukizunguka mjini na kupita raundi abauti mbili tatu utamsifia muuzaji na kumpa nyota tano. Tofauti inakuja kwenye kiwango ambacho chuma kinakubali kusokotwa kabla ya kusahau umbo lake. Chuma laini cha kawaida kinaishia kwenye megapaskali 250 hivi, cha springi kilichopikwa vizuri kinapita 1000. Ingiza tairi moja kwenye korongo, jingine likae juu, stabilaiza isokotwe sana: ya kweli inarudi, hii inabaki imejisokota. Ukirudi barabarani gari linakaa upande, na wewe unaanza kulaumu springi na shokapu ulizonunua juzi. Na hata kama alianza na chuma cha springi cha mtumba, ile kukiwasha moto mpaka kiwe chekundu ili kikubali kupinda imeshaua ule ugumu wake pale pale penye mzigo mkubwa.

Ikikatika ukiwa kwenye kona, gari linalala ghafla zaidi ya ulivyozoea, na kipande kinachobaki kinaning'inia jirani na mpira wa breki na tairi. Sihitaji kuchora picha.

Linki anazotuma nazo ni hadithi nyingine. Gari likiinuliwa linki za nyuma zinatakiwa ziongezwe urefu, ili likisimama kwenye ardhi sawa mikono ya stabilaiza ilale karibu usawa. Yeye anatuma zilezile fupi pamoja na vipande vya bomba la maji kama spesa. Na hapa niseme kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia: wengi mnaotafuta stabilaiza nene mnahitaji linki ndefu za maana na bushi mpya tu. Nyuma ikizidi kukakamaa, kwenye moramu yenye matope mkia unakimbia mapema, na porini tairi la nyuma linashindwa kushuka kutafuta ardhi.

Uongo wake mwingine ni rahisi kuushika. Kuna mteja wa Suzuki Jimny aliambiwa hii inaingia "pale pale ilipotoka ya kiwandani". Jimny haina stabilaiza ya nyuma kutoka kiwandani, ina ya mbele tu. Mwingine ana Prado 150 yenye KDSS, akaambiwa inaingia bila marekebisho. KDSS inaendeshwa kwa mafuta ya haidroliki, stabilaiza za mbele na nyuma zinawasiliana kwa mabomba na silinda. Huwezi kuchomoa ya nyuma na kubandika chuma cha kawaida. Mtu anayekubali kila gari unalomtajia huyo hajui anachouza, au anajua sana.

Kama tayari uko katikati ya biashara, gomea malipo ya mwisho mpaka boksi lifunguliwe. Nenda na tupa: ikikwangua kwa ulaini uleule wa chuma cha dirisha, acha. Kwangua rangi kwenye kona na kwenye masikio. Gonga na usikilize kama ni tupu, hasa kama ameandika chuma kizima. Ujumbe wake wa simu pamoja na namba yake utume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli wa simu, na kwa suala la stika ya bandia peleka Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Polisi nao wanataka muamala na picha za mazungumzo, kwa hiyo usifute chochote hata kama umekasirika. Ameshabadilisha jina la ukurasa angalau mara moja, rangi nyekundu na maneno ya "kwako ila iwe leo" hajabadilisha.

Aliyekwisha kuifunga: ingia chini leo na tochi, angalia mzizi wa masikio pande zote mbili. Ukiona ufa hata wa nywele, fungua yote uiweke pembeni, rudisha ya kiwandani na linki zilizoongezwa urefu, na mpaka hapo shusha mizigo ya kwenye keria na punguza mwendo kwenye kona. Usimpe fundi wa jirani aizibe kwa kuchomelea tena.