Kitambaa cha kufunikia bustani: ununue kipi kabla baridi ya mwezi wa sita haijaingia

Mwaka juzi mwezi wa saba nilitoka nje saa kumi na mbili asubuhi nikakuta hoho zangu, miche kama mia mbili hivi, zimelala chini nyeusi tii utafikiri mtu kazimwagia maji ya moto, na juu yake ipo nailoni ambayo niliinunua kwa hela ya maana kabisa ili izikinge. Mama jirani yeye alitandika mashuka mabovu ya wanae juu ya fito, na mboga zake zimesimama kama hakijatokea kitu. Nilikasirika nusu ya siku halafu nikaanza kufuatilia haya mambo ya vitambaa, nikanunua, nikaliwa, nikanunua tena, sasa naandika kwa mtu wa Njombe, Makete, Mbeya kule juu, Lushoto, na ndugu zetu wa Kinangop na Molo kule Kenya ambao wanaungua kama sisi ila miezi tofauti.

Kwanza tuelewane baridi inavyoua mmea maana ukilikosa hili utanunua kwa macho. Ardhi inashiba joto la jua mchana, usiku inalirudisha juu angani. Kukiwa na mawingu yanakuwa kama blanketi, joto halipotei sana. Usiku mweupe, nyota zinaonekana zote, upepo umetulia, hapo joto linakwenda moja kwa moja na alfajiri unakuta barafu juu ya majani, wengine wanaiita sakitu. Ndo maana kwetu Nyanda za Juu Kusini inakuja Juni hadi Agosti, ila Kenya mara nyingi inakuja Januari na Februari wakati wa kiangazi, watu wanashangaa mchana jua kali usiku chai inaungua, kama ilivyotokea Kericho Januari 2012. Kwa hiyo kitambaa hakitengenezi joto, kinalichelewesha lile la ardhini lisiondoke. Kama hakijafika chini mpaka kwenye udongo basi umevalisha mmea kofia tu.

Sasa kununua. Ukifika duka la pembejeo utaambiwa kava, neti, frosti neti, kila muuzaji na jina lake, we usisikilize jina, uliza vitu viwili: gramu ngapi kwa mita ya mraba, na kimewekewa dawa ya kuzuia jua au hakijawekewa. Hicho kitambaa tunachoongelea ni kile cheupe chepesi kisichofumwa, ndugu yake na ile mifuko mbadala tuliyoanza kubebea nyanya baada ya rambo kupigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Na hapa kuna mtego, maana kuna watu wanauza marobota ya kitambaa cha mifuko kama kava ya bustani. Ukikishika kinafanana kabisa. Lakini cha mifuko hakina dawa ya jua, ukikiacha shambani baada ya muda kinaanza kukatika vipande vipande kama karatasi iliyokauka, halafu unabaki unaokota vinyuzi vyeupe kwenye udongo mpaka unachoka.

Kuhusu gramu, mimi niliuziwa robota la upana wa mita 1.6 urefu mita 20, limeandikwa gramu 30. Nikapita duka la mchele nikaomba mzani. Piga hesabu: 1.6 mara 20 ni mita za mraba 32, mara gramu 30 ni gramu 960, karibu kilo nzima. Mzani ukasoma gramu 550. Yaani ni kitambaa cha gramu 17 kimevishwa lebo ya 30. Nilivyorudi jamaa akaniambia "bosi ni unyevu umekauka", nikacheka kwa hasira. Tangu siku hiyo napima kabla ya kutoa hela, na muuzaji akigoma kupima namuaga.

Haya, mpangilio wangu huu hapa, kuanzia ninachokinunua kwanza.

Namba moja, gramu 30 nyeupe yenye dawa ya jua. Hii ndo ya mtu wa kawaida mwenye matuta matano sita ya hoho, nyanya, maharage au matango. Inakupa kama nyuzi joto 2 mpaka 3 juu ya hali ya nje, mwanga unapita kama asilimia 70, maji ya mvua yanapita, hewa inapita. Nyuzi 2 unaweza kuona ni kidogo ila usiku mwingi wa kwetu unaoua ni ule unaoshuka sifuri au moja chini ya sifuri, sasa ukiongeza mbili umepona. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba hata ukichelewa kuifunua asubuhi mimea haichemki, kitu ambacho nailoni haikusamehe. Ukiitunza, ukiikausha kabla ya kukunja na kuiweka mbali na panya (panya wanaipenda kulalia hiyo, sijui kwa nini), inakwenda misimu miwili mpaka mitatu.

Namba mbili, gramu 17 au 19. Watu wanaidharau ila mimi nimeiweka hapa kwa sababu moja, unaweza kuikunja mara mbili. Ikiwa moja inakupa nyuzi 1 hadi 2 tu, mwanga unapita kama asilimia 85, ni nyepesi kiasi kwamba unaitandaza juu ya karoti, spinachi au kabichi changa bila fito wala nini na mmea wenyewe unainyanyua ukikua, mradi umeiacha imelegea kidogo. Usiku ukitisha unaongeza safu ya pili, asubuhi unatoa. Ubaya wake inachanika vibaya. Kijiti kimoja, kucha ya kuku, basi. Kwenye upepo hesabu ni msimu mmoja na ushukuru.

Namba tatu, gramu 50. Nzito, inafika kama nyuzi 4 za ziada, lakini mwanga unaopita ni kama nusu tu, kwa hiyo usiiache juu ya mboga siku nzima, mboga zitarefuka na kupauka kama zimeoteshwa chumbani. Ni ya kufunika usiku na kufunua asubuhi. Mimi nayo naitumia kwa miparachichi michanga, ile Hass ya mwaka wa kwanza na wa pili, unasimika miti minne kuizunguka mche, unaivisha kama kanzu mpaka chini, unafunga kamba. Hapa usibane hela, mche mmoja wa parachichi wa kubebeshwa ukiungua umepoteza hela ya mche na mwaka mzima. Kwa mwenye Kitulo au Makete ya juu kabisa ningesema hii ipande iwe namba moja.

Namba nne, chandarua cha bustani, kile chenye matundu madogo kama cha mbu. Kwenye baridi kinasaidia kidogo sana, usidanganywe. Nimekiweka hapa kwa sababu ya upepo na wadudu, kipepeo wa kabichi haingii na kantangaze, yule nondo mdogo anayemaliza nyanya, anapata tabu kama matundu ni madogo kweli, na kinadumu miaka. Kama wewe shida yako ni upepo wa Makambako na siyo barafu basi kipandishe mpaka juu. Chandarua cha mbu ulichopewa kliniki kiache kitandani tafadhali, kile kina watu wake.

Namba tano, viroba, sandarusi, mashuka, vitenge vilivyochoka. Mama jirani alinishinda kwa haya, siwezi kuyatukana. Kwa usiku mmoja wa dharura yanafanya kazi vizuri kuliko vitu vingi vya dukani, ila shuka likilowa linakuwa zito linavunja mimea, na likigandia kwenye jani linaliua pale linapogusa, kwa hiyo lazima liwe juu ya fito. Asubuhi ni lazima utoe. Mtu mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba asinunue kitu, atafute mashuka.

Mwisho kabisa nailoni. Nailoni peke yake, ya kutandaza, haifai, nimeshalipa ada ya hilo somo. Jani likigusana na nailoni linaungua kwa baridi usiku, halafu jua likitoka saa mbili ndani panachemka, na unyevu unaobaki unaleta ukungu kwenye nyanya na viazi. Ikiwa juu ya matao, haigusi majani, na una mtu wa kuifungua kila asubuhi bila kukosa, hapo sawa, lakini nani ana huyo mtu. Na ile shedi neti nyeusi au ya kijani wanayokuambia "inafaa kwa vyote" inafaa kwa kivuli, na inafaa sana ukiisimamisha kama ukuta upande upepo unakotoka. Ile ya asilimia 50 inapunguza nguvu ya upepo vizuri kuliko ukuta wa mabati, maana bati linaurusha upepo juu halafu unatua nyuma yake kwa fujo. Neti ya kimo cha mita moja na nusu itakukingia matuta mpaka kama mita 15 nyuma yake, ila ukiwa karibu zaidi ndo afadhali zaidi.

Upepo nauongelea kwa kirefu kidogo maana ndo unaoua kitambaa, baridi inaua mmea tu. Kitambaa kikipigapiga kinasugua majani mpaka yanachubuka, halafu kinachanika penye tundu dogo kabisa. Usipigilie misumari wala vijiti katikati ya kitambaa. Chimba kamfereji ka sentimita 10 hadi 15 pande zote, zika ukingo, rudishia udongo ukanyage. Upande unaoufungua kila siku weka chupa za maji zilizojazwa mchanga au viroba vidogo vya mchanga. Matao yawe mafupi, kimo cha nusu mita kinatosha, kila mita moja tao moja, na penye upepo mkali sogeza iwe sentimita 70, halafu pitisha kamba ya manila juu kwa zigizaga kutoka upande huu kwenda ule. Matao unaweza kununua bomba jeusi la maji la nusu inchi au ukapasua mianzi. Huku kwetu angalia unakata mianzi ya nani, ukikata ya mtu anayegema ulanzi, ile pombe ya mianzi, hiyo kesi yako haiishi mwaka huu.

Kiasi cha kununua. Tuta la upana wa mita moja, tao la kimo cha nusu mita, mzunguko wa tao ni kama mita 1.6, ongeza sentimita 30 kila upande za kuzika, unapata mita 2.2. Urefu wa tuta ukiwa mita 10 nunua 12, kila mwisho unahitaji mita moja ya kufunga. Kwa hiyo lile robota la mita 1.6 nililouziwa mimi hata lingekuwa gramu 30 halali lisingefika chini, na muuzaji aliniuliza tuta lako pana kiasi gani nikamjibu "la kawaida". Bei linganisha kwa mita ya mraba, siyo kwa robota, maana robota "la bei rahisi" mara nyingi ni jembamba.

Matumizi ni mafupi. Mwagilia udongo mchana, udongo wenye unyevu unashika joto kuliko mkavu. Funika saa kumi jioni wakati ardhi bado ina moto, ukisubiri saa mbili usiku umefunika baridi. Nyanya, hoho, matango na maharage yafunike mapema, yanakufa karibu na sifuri. Viazi vinavumilia kidogo zaidi ila majani yake yanaondoka ikishuka moja au mbili chini ya sifuri. Kabichi, karoti na njegere changa usihangaike nazo sana, zina ngozi ngumu, njegere ziogopee zikiwa kwenye maua tu. Na maboga na matango yakitoa maua fungua mchana nyuki waingie, la sivyo utakuwa na majani mazuri ya kupigia picha. Halafu kama msimu uliopita kwenye tuta hilo hilo kulikuwa na kantangaze, badilisha tuta, maana buu wake wanalala kwenye udongo na ukifunika umewajengea nyumba, hakuna hata ndege wa kuwala.

Kitu kimoja nimekisahau, nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo, kimoja weka ndani ya kitambaa kingine nje, kimo sawa. Usome saa kumi na mbili asubuhi wiki moja kabla hujaongeza robota la pili. Mimi tuta langu la chini karibu na mto linashuka nyuzi mbili zaidi kuliko la juu kwenye shamba hilo hilo, hewa ya baridi inatiririka kama maji inajikusanya bondeni, na nilikuwa nataka kununua gramu 50 kwa shamba zima. Nikahamishia hoho tuta la juu, chini nikapanda kabichi, hela ya kitambaa cha pili ikabaki mfukoni.